Kunena kwa lugha: Sarufi haiwezi kuumaliza ubishi huu

Kila muhula unapoanza, ubishi mmoja huzuka upya katika vyama vya Kikristo vya shule na vyuo vyetu. Upande mmoja hushikilia kwamba karama za Roho alizozitaja Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, hasa kunena kwa lugha, unabii na uponyaji, zilikuwa za enzi ya mitume, na kwamba zilikoma enzi hiyo ilipokwisha. Upande wa pili hushikilia kwamba karama hizo zingalipo, na kwamba kanisa lisilokuwa nazo limepoa. Ubishi huu si wa wanatheolojia peke yao. Mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hajapata kunena kwa lugha huambiwa na wenzake kwamba hajampokea Roho. Yule aliyenena huambiwa na wengine kwamba amepagawa na pepo. Wote wawili hurudi bwenini na hofu, na mwalimu mlezi wa chama aghalabu hana la kuwaambia.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si kasisi, na sina mamlaka ya kumwamulia mtu yeyote imani yake. Hata hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubishi huu imejengwa juu ya maneno, vitenzi na sauti, mwanaisimu ana wajibu wa kueleza kile ambacho taaluma yake inaweza kukithibitisha na kile ambacho haiwezi. Nionavyo, maswali matatu yaliyo mbalimbali yamefungwa katika kitita kimoja. Je, maandiko yanasema kwamba karama zitakoma kabla ya mwisho wa dunia? Je, historia inaonyesha kwamba zilikoma? Na je, yanayotamkwa leo na wanaonena kwa lugha ni lugha? Kila swali lina ushahidi wake, na jibu la moja haliwi jibu la jingine.

Tuanze na maandiko. Aya inayotegemewa zaidi na walio upande wa kukoma ni 1 Wakorintho 13:8, ambapo Paulo anaeleza kwamba unabii, lugha na maarifa vitafikia kikomo, ilhali upendo utadumu. Katika Kiyunani, unabii na maarifa vimepewa kitenzi kimoja, katargeo, katika kauli ya kutendwa. Lugha zimepewa kitenzi kingine, pauo, katika kauli ambayo wanasarufi huiita ya kati, kwa kuwa imesimama baina ya kutenda na kutendwa. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa nzima mwaka 1952, waliihifadhi tofauti hiyo ya vitenzi: unabii "utabatilika", lakini lugha "zitakoma". Baadhi ya wahubiri wameiona hapa hoja nzito. Mashuhuri kati yao alikuwa John MacArthur wa California, aliyefariki mwaka 2025, ambaye vitabu vyake Charismatic Chaos cha mwaka 1992 na Strange Fire cha mwaka 2013 viliwasha moto mkubwa wa mabishano. Hoja yao ni kwamba kauli ya kati inaonyesha kuwa lugha zingekoma zenyewe, bila kukomeshwa na yeyote, tena mapema kuliko unabii.

Hoja hii haihimili uzito inaotwikwa. Kitenzi pauo, kinapokuwa na maana ya kukoma, hutumiwa kwa kawaida katika kauli hiyo ya kati, hata pale ambapo mkomeshaji anajulikana waziwazi. Katika Luka 8:24 upepo na mawimbi vinakoma kwa kitenzi kicho hicho na kwa kauli iyo hiyo, na kila msomaji anajua kwamba havikukoma vyenyewe, kwa kuwa Yesu alikuwa amevikemea. Mwanachuoni D. A. Carson alilieleza jambo hili mwaka 1984 katika kitabu chake kuhusu makosa ya ufafanuzi wa Biblia.

Mwalimu wa Kiswahili ataielewa hoja hii upesi akivikumbuka vitenzi vyetu wenyewe. Tusemapo kwamba vita vilikoma, kitenzi hakituambii ni nani aliyevikomesha, wala hakikanushi kwamba yupo aliyevikomesha. Vita vya Pili vya Dunia vilikoma mwaka 1945, na hakuna mwanafunzi wa historia anayedhani kwamba vilichoka vikalala. Vivyo hivyo, tusemapo kwamba mtungi umevunjika, kiambishi cha kutendeka kinamficha aliyeuvunja, lakini hakithibitishi kwamba mtungi ulijivunja. Sarufi huweza kunyamaza, na kunyamaza kwake si ushahidi.

Kuna pia suala la wakati. Aya ya 10 inasema kwamba yaliyo ya sehemu tu yataondoka pale kitu kilicho kamili kitakapokuja. Kitu hicho ni kipi? Wapo wasemao kwamba ni Agano Jipya lilipokamilika kuandikwa. Wapo wasemao kwamba ni kanisa kufikia utu uzima. Wengi zaidi husema kwamba ni mwisho wa nyakati, kwa kuwa aya ya 12 inazungumza juu ya kuona uso kwa uso. Neno la Kiyunani, teleion, lina maana ya kitu kamili au kilichokomaa, na lenyewe halichagui baina ya fasiri hizo tatu. Muktadha ndio unaochagua, na naona muktadha unaiunga mkono zaidi ile ya tatu. Hata Richard Gaffin, mmoja wa watetezi makini wa upande wa kukoma, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu Pentekoste kwamba sura hii haitoshi kuthibitisha kwamba karama zilikoma zamani.

Isidhaniwe kwamba kwa hayo upande wa kukoma umeshindwa. Hoja ya Gaffin yenye nguvu inatoka kwingine, katika Waefeso 2:20, ambapo kanisa linafananishwa na nyumba iliyojengwa juu ya msingi wa mitume na manabii. Msingi huwekwa mara moja. Fundi anayeweka msingi mwingine juu ya paa hajui kazi yake. Ikiwa manabii ni sehemu ya msingi, basi kazi yao ilikwisha pamoja na ya mitume. Walio upande wa kuendelea, kama Wayne Grudem katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu karama ya unabii, hujibu kwamba unabii wa waumini wa kawaida wa Korintho ulikuwa wa daraja jingine, ndiyo maana Paulo aliagiza upimwe. Hapa mabishano ni ya haki na ya kina, na mwanafunzi anayetaka kuyafuata ayafuate. Lakini asidanganywe kwamba kauli moja ya kitenzi imekwisha kuyaamua.

Upande wa pili nao una sarufi inayowapasa kuisikiliza. Katika 1 Wakorintho 12:30 Paulo anauliza kama wote hunena kwa lugha. Swali hilo katika Kiyunani limeanza na neno dogo, mē, ambalo humjulisha msikilizaji kwamba jibu linalotarajiwa ni "la". Kiswahili chetu hakina neno kama hilo. "Je" yetu haielekei upande wowote, na hivyo msomaji wa tafsiri hawezi kulisikia jibu lililomo ndani ya swali. Mhubiri anayewaambia vijana kwamba kila aliyempokea Roho sharti anene kwa lugha ana aya hii ya kuielezea. Wapo Wapentekoste waliojitahidi kuieleza: Assemblies of God, ambao tangu mwaka 1916 wamefundisha kwamba lugha ni dalili ya kwanza ya ubatizo wa Roho, hutofautisha lugha kama dalili na lugha kama karama ya kuhudumu kanisani. Tofauti hiyo inaweza kujadiliwa. Kisichokubalika ni kuipita aya yenyewe kana kwamba haikuandikwa.

Sasa historia. Karibu na mwaka 180, Irenaeus wa Lyons aliandika kwamba katika siku zake walikuwapo waumini waliosema kwa lugha za kila namna. Miaka mia mbili baadaye, Yohana Krisostomo alipokuwa akiihubiri barua ya Wakorintho alilalamika kwamba sehemu hii ni ngumu kueleweka, kwa sababu mambo yanayotajwa humo hayakuwa yakitendeka tena. Augustino wa Hippo, katika ujana wake wa kikanisa, aliona kwamba miujiza ilikuwa ya enzi ya mwanzo. Baadaye, katika kitabu cha 22 cha kazi yake Mji wa Mungu, akaorodhesha maponyo yaliyodaiwa katika mji wake mwenyewe, na kusema kwamba taarifa zilizoandikwa zilikaribia 70 katika muda usiotimia miaka miwili. Kwa hivyo anayesema kwamba karama zilitoweka siku alipokufa mtume wa mwisho anapingwa na Irenaeus, na anayesema kwamba hazijapungua hata siku moja anapingwa na Krisostomo.

Vuguvugu la siku zetu lina tarehe zinazojulikana. Mnamo Januari 1, 1901, katika shule ya Biblia ya Charles Parham mjini Topeka, Marekani, mwanafunzi Agnes Ozman alinena kwa lugha, na wenzake wakadai kwamba alisema Kichina. Mwaka 1906 William Seymour, mhubiri Mweusi aliyezaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa, alianzisha mikutano katika mtaa wa Azusa mjini Los Angeles, na kutoka hapo moto ukaenea duniani. Parham alifundisha kwamba wamisionari wasingehitaji tena kusomea lugha za mataifa, kwa kuwa Roho angewapa. Alfred na Lillian Garr waliondoka Azusa wakiamini kwamba wamepewa lugha za Wahindi. Walipofika Calcutta wakagundua kwamba hawaelewani na wenyeji, wakaendelea kuhubiri kwa Kiingereza. La kutiliwa maanani ni kwamba hawakuiacha imani yao. Waliifasiri upya: lugha zikaonekana kuwa za sala na sifa badala ya za kuhubiria mataifa. Wapentekoste wengi duniani wameifuata fasiri hiyo hadi leo.

Kwetu Kenya, ubishi huu haukuletwa na televisheni wala na mikutano ya hadhara ya miaka ya karibuni. Mwaka 1927, katika misheni ya Marafiki huko Kaimosi, uamsho ulizuka baada ya mahubiri ya mmisionari Arthur Chilson. Watu wakaungama hadharani na kunena kwa lugha. Wamisionari wengine wakaupinga, na waliokataa kuuacha wakatengwa. Kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho ya magharibi mwa nchi yetu. Katika miaka iyo hiyo, Ukikuyuni walitokea Arathi, ambao jina lao lenyewe maana yake ni manabii. Babu zetu waliyajadili mambo haya kwa gharama kubwa kabla ya wengi wa wahubiri wa leo kuzaliwa.

Mwaka 2006 shirika la utafiti la Pew la Marekani lilichapisha uchunguzi wa nchi kumi, Kenya ikiwamo. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hapa Kenya walijitambulisha kuwa Wapentekoste au wafuasi wa uamsho wa karama. Isitoshe, katika nchi sita kati ya hizo kumi, zaidi ya Wapentekoste wanne katika kila kumi walisema kwamba hawaneni kwa lugha kamwe. Ningependa kila mwanafunzi anayelala na hofu kwa kuwa ulimi wake haujafunguka ayajue matokeo hayo. Hata ndani ya makanisa yanayofundisha jambo hili, wenzake wa aina yake ni wengi mno.

Nafika kwenye swali la tatu, ambalo ni la fani yangu. Mwaka 1972 mwanaisimu William Samarin wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mmisionari Afrika ya Kati, alichapisha matokeo ya miaka mingi ya kurekodi na kuchambua matamshi ya wanaonena kwa lugha. Aligundua kwamba silabi zinazotumika huchotwa katika sauti ambazo msemaji anazijua tayari. Kwamba hurudiwarudiwa sana. Na kwamba mdundo na kiimbo hufanana na vya lugha. Kilichokosekana ni ule uhusiano wa kudumu baina ya sauti na maana, ambao ndio uti wa mgongo wa lugha yoyote ya binadamu. Kwa ufupi, matamshi yale yana sura ya lugha ilhali hayana muundo wake. Samarin aliongeza jambo ambalo wapinzani wa karama hupenda kulisahau: hakuona ugonjwa wa akili wala upagawaji, bali watu wazima wa akili timamu. Felicitas Goodman, aliyechunguza makanisa ya Marekani na Mexico na kuchapisha kitabu chake mwaka uo huo, aliona kwamba wanenaji huwa katika hali ya kupotewa na fahamu za kawaida. Samarin hakukubaliana naye. Mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipiga picha za ubongo wa wanawake watano wakinena, wakaona kwamba utendaji wa sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujitawala, ulipungua. Hilo linaoana na ushuhuda wa wanenaji kwamba si wao wanaoyaongoza maneno, lakini halisemi ni nani anayeyaongoza.

Basi, je, mwanaisimu amethibitisha kwamba karama hii ni ya uongo? Hapana. Tuangalie kwanza dai lenyewe. Mtu akisema kwamba amepewa Kichina au Kibangla, amedai jambo linalopimika: aletwe mzawa wa lugha hiyo, asikilize, aseme alichoelewa. Mtu akisema kwamba moyo wake unasali kwa sauti ambazo akili yake haizielewi, amedai jambo ambalo Paulo mwenyewe alilikubali katika 1 Wakorintho 14:14, na uchambuzi wa silabi hauwezi kumpinga. Kinasa sauti hunasa sauti, hakinasi sala. Lakini mtu akisimama mbele ya kusanyiko na kutoa tafsiri ya matamshi hayo, kisha tafsiri hiyo ikawa amri kwa wengine, amevuka kutoka kwenye sala ya faragha na kuingia katika jambo la umma, na jambo la umma lina masharti yake.

Masharti hayo yamo katika waraka uo huo unaogombaniwa. Wasinene zaidi ya wawili au watatu, tena kwa zamu. Asipokuwapo mfasiri, mnenaji anyamaze kanisani. Manabii wanene, na wengine wapime. Barua ya kwanza kwa Wathesalonike nayo inakataza kumzima Roho na kuudharau unabii, na papo hapo inaagiza kwamba mambo yote yajaribiwe na lililo jema lishikwe. Hapa ndipo pande zetu mbili zingeweza kukutana. Anayeamini kwamba unabii ulikoma ana sababu ya kumpima anayejiita nabii. Anayeamini kwamba unaendelea ana sababu kubwa zaidi, kwa kuwa kitabu anachokitegemea ndicho kinachomwamuru apime. Anayedai karama huku akikataa kupimwa ameichukua nusu ya sura na kuichana nusu iliyobaki.

Hili si jambo la darasani tu. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Hatia ya mtu mmoja mmoja ni ya mahakama kuamua. Lakini funzo la msingi halihitaji hukumu: watu hufikishwa mahali kama pale pale ambapo neno la kiongozi halihojiwi tena na yeyote. Mwaka 2024 jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi lilimkabidhi Rais ripoti kuhusu usimamizi wa mashirika ya kidini. Sheria inaweza kusajili makanisa na kuwaadhibu wahalifu. Haiwezi kukaa katika kila kesha la wanafunzi, na sidhani kwamba tungependa ikae.

Atakayekaa pale ni mwalimu. Kwake nina mapendekezo matatu. Kwanza, asikubali mwanafunzi yeyote apangwe daraja kwa ulimi wake, awe amenena au hajanena. Kufundishana kurudia silabi mpaka ulimi ulegee, kisha kumtangaza aliyefaulu kuwa amejazwa, ni jambo ambalo hata Wapentekoste makini hulikataa. Pili, asiruhusu kamwe unabii uwe badala ya daktari. Mwanafunzi mwenye kifafa, kisukari au virusi vya Ukimwi anayeambiwa na nabii aache dawa yuko hatarini papo hapo, na mwalimu anayelisikia hilo akanyamaza kwa kuogopa kuingilia imani ya mtu ameiogopa imani kuliko kifo cha mtoto. Anayeombewa aombewe, na vidonge vyake avimeze. Tatu, awafundishe wanafunzi kuuliza kwa adabu: umesema nini, nani amekifasiri, nani amekipima, na ikitokea kwamba si kweli, nani atawajibika?

Ubishi wa kama karama zilikoma utaendelea baada yetu, kama ulivyoendelea tangu siku za Krisostomo. Sioni ubaya. Watu wanaobishana juu ya maandiko angalau wanayasoma. Ninachoomba ni kwamba pande zote mbili ziwaachie vijana wetu haki ya kuuliza, kwa kuwa waraka wa Korintho umewapa haki hiyo, na hakuna mtume, nabii wala mwanaisimu aliyepewa ruhusa ya kuwanyang'anya.